Pointi ya Makanya

Ujerumani, Jumapili mchana

Mdogo wangu Eliamani,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Natumaini goti lako limepoa na kwamba mvua imeitosha tangawizi yenu huko Mamba. Shemeji anaendeleaje na kifua? Mimi nakula na kulala, lakini sina neno jema la kukuandikia.

Mume wa binti yangu Nakundwa, ninakoishi sasa, ni mwanachama wa kikundi cha watu wazima wanaojenga reli ndogo za mezani. Usicheke. Aliposikia kwamba mimi nilikuwa mnyapara wa genge la reli, alinipa meza nzima, nami nikaamua kuijenga stesheni ya Makanya. Reli zenyewe ni nyembamba kama spoki za baiskeli. Mataruma ya kulazia reli niliyakata kwa mkono, moja moja; reli nikazichonga kwa tupa na kuzilehemu. Kazi hiyo ilinipa sababu ya kuamka.

Nilipofika kwenye pointi, pale mabehewa ya jasi yanapoiacha njia kuu, nililaza shavu mezani na kufumba jicho la kushoto, kama tulivyokagua njia miaka yote. Reli ilikuwa imepinda. Nikaing'oa. Nikaijenga upya, ikapinda tena. Nimeing'oa mara nne. Mkwe wangu alisukuma behewa kwa kidole, likapita bila kutetereka.

"Baba, imenyooka kabisa," Nakundwa akasema. "Unaharibu kazi nzuri."

"Nilikuwa nanyoosha reli kabla hujazaliwa," nikamjibu.

Jumatano, nikiwa bado nimefumba jicho lile, niliinua uso nikatazama dirisha. Fremu yake ilikuwa imepinda vilevile. Nikatazama mlango. Nao ulikuwa umepinda.

Daktari anasema jicho la kulia limechakaa katikati, na la kushoto limeanza. Kilichopotea hakirudi. Nilimuuliza jambo moja tu: lilianza lini? Akasema ugonjwa huu huja polepole, pengine kwa miaka mingi, na hawezi kujua.

Ndiyo sababu ninakuandikia. Mwaka wangu wa mwisho kazini nililaza shavu kwenye pointi uliyoifunga wewe pale Makanya, nikaamuru ing'olewe mbele ya genge zima. Ulisema, "Kaka, imenyooka. Ita mtu mwingine aitazame." Nikakujibu, "Macho ninayo, Eliamani. Ng'oa." Sikumwita mtu. Niliandika ripoti, ukaondolewa kazini, ukapanda Mamba kulima shamba la wakwe zako. Tangu hapo hujanisemesha, hata kwenye msiba wa mama.

Sijui kama siku ile reli ilipinda au jicho langu ndilo lililopinda. Wewe unajua ulichokifunga. Niambie. Kama ilikuwa imenyooka, nilikudhulumu, na sina namna ya kulirekebisha hilo. Laiti ningekuwa huko, ningelisema mbele ya wale wale waliokuwapo. Lakini Nakundwa hataki kusikia habari za safari, nami sina tena ubishi wa kushindana naye. Meza nimeifunika shuka. Sitaimaliza.

Mpe shemeji salamu zangu, ingawa najua hazitaki. Msalimie dada yetu mkubwa pale Lembeni, na mzee wa kanisa aliyetuzikia mama.

Ukikubali kujibu, andika kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi. Siku hizi Nakundwa hunisomea barua, lakini yako nataka kuisoma mwenyewe, hata kama ni matusi matupu.

Ni mimi, kaka yako,
Elieza