Namba Tatu Chini ya Kitambaa

Kibaoni, Ifakara
Jumamosi, 22 Agosti 1998

Kwa mdogo wangu Evarist,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula na unalala. Sisi hapa ni wazima, mpunga tumeshauingiza ndani, na goti la Baba limepungua uvimbe. Shikamoo yako niliipokea Alhamisi ndani ya barua yako. Marahaba bado ninayo mwenyewe. Soma kwanza.

Umeniandikia ukurasa mzima wa kucheka. Unasema ile Jumamosi, mkesha wa jubilei ya Baba, mimi nikiwa jikoni nakatakata vitunguu, ulichukua ufunguo wangu msumarini ukapanda roshani ya kanisa, ukaweka kanda yako kwenye mtambo wa sauti na kuita namba tatu ili usikie spika zinavyopiga. Ulipomaliza ukafunika mtambo vizuri kwa kitambaa, ukarudisha ufunguo. Kisha unaniuliza kama nilikuja kugundua. Evarist, una akili kweli? Nimegundua juzi, kwa mwandiko wako.

Wewe ni fundi wa muziki huko Dar, huna haja ya kufundishwa, lakini leo nitakufundisha. Mtambo ule unakumbuka mipangilio. Namba moja inafungua kipaza sauti cha mimbari. Namba tatu ni ya kwaya na kanda, mimbari inafungwa kabisa. Kidirisha chake kinaonyesha kwa taa nyekundu namba iliyoitwa mwisho, hata umeme ukikatika na kurudi. Ndiyo maana kila Misa nainua kitambaa nisome kidirisha kabla sijagusa kitu. Lakini kwa jubilei akina mama walifuma kitambaa kipya, wakakitia wanga, asubuhi ile wakakifunga kwa riboni pande nne, wakanikataza kukikunja mpaka picha zipigwe. Unawajua kwa vitambaa, kwetu hata redio mbovu haikai uchi. Nikawaheshimu. Nikawasha swichi ya ukutani tu.

Wewe ulishaondoka na basi la alfajiri, eti kazini wanakuhitaji, siku ya baba yako! Basi ngoja nikusimulie. Kabla Misa haijaanza, Baba alipanda mimbari na karatasi zake nne. Miaka arobaini ya ukatekista, Lumemo kwa miguu, Sanje kwa baiskeli, na sauti yenyewe unajua ilivyobaki tangu augue koo. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Mimi nikashuka mbio kukagua waya, maana mtambo sikuushuku. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona, halafu kuongea, halafu watoto wakacheka. Baba akasoma karatasi zote nne mpaka mwisho, midomo ikicheza tu, akazikunja, akashuka.

Polikarpo, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameonekana asubuhi akisogeza waya kupisha viti vya waimbaji. Na wiki hiyohiyo alibishana na Baba, akimwomba apunguze hotuba ili kwaya ipate kuimba nyimbo zake tano. Baba akaunganisha hayo mawili. Alisema mbele ya Paroko, kwa ile sauti ya kukwaruza: "Polikarpo amenifunga mdomo kwa makusudi." Huyo Polikarpo ni Baba mwenyewe aliyemfundisha ishara ya msalaba. Alijitetea mpaka akachoka. Wamemwondoa kwenye kwaya. Sasa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na Baba akipita anageuza uso. Juzi mkewe Klementina alinisalimia sokoni kwa heshima zote, nikashindwa kumwangalia.

Sababu ya kushindwa ninayo, na hapa hasira yangu inanirudia mwenyewe. Misa ilipoisha nilifungua zile riboni, nikainua kitambaa. Kidirisha kilionyesha tatu. Nikadhani ni mimi niliyesahau baada ya mazoezi ya kwaya. Nikasikia viatu vya Paroko kwenye ngazi. Nikabonyeza moja. Alifika, akatazama, akaona moja, akasema basi tatizo ni waya. Nikaitikia, "Ndiyo Padri, ni waya." Kitu pekee kilichojua ukweli nilikifuta kwa kidole hiki kinachoshika kalamu. Wiki tano nimekaa kimya, jina la mtu likichafuka.

Wewe ulifanya utoto. Mimi nilifanya uovu, tofauti naijua. Lakini usijifiche nyuma yangu. Panda basi la Ijumaa, uje upige magoti mbele ya Baba na mbele ya Polikarpo, useme kwa mdomo wako. Usipokuja, hiyo barua yako ya kuchekesha nitampa Baba aisome mwenyewe.

Kwa upande wangu sitakungoja. Nimemwomba Paroko dakika tano kesho Misa ya kwanza, wakati wa matangazo, na sikumwambia ni za nini. Jioni hii nimetoka roshani. Kitambaa cha akina mama nimekikunja nikakiweka kabatini, watanisema mpaka wachoke.

Msalimie wifi yangu Agnella na watoto, wao hawana kosa. Marahaba yako utaikuta huku. Kesho Baba atakuwa benchi la mbele na Polikarpo kule mlangoni, na wote wawili watanisikia. Kidirisha kinaonyesha moja. Nimekiangalia mara tatu.

Ni mimi dada yako,
Levina Melkiori