Mpangaji Niliyemtaja

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mkutano wa wenye ploti leo, kwa naibu wa chifu. Tulijaa, wengine wakasikilizia dirishani. Habari ni moja — kila mwenye nyumba aliye na mpangaji kutoka nchi nyingine amlete aandikishwe, na karatasi zake za kukaa. Mwisho ni Ijumaa. Mzee mmoja akauliza, na kama ni wa Uganda tu, hapa karibu? Naibu akacheka. Akasema Uganda pia ni nje, na mwenye ploti atakayemficha mtu ataulizwa yeye.

Watu waligeuka kuniangalia. Au mimi niliona hivyo.

Nambozo anakaa nyumba yangu ya kona. Mtu wa upande wa Mbale, Uganda. Aliolewa na Mukhisa wa Mabanga, kule Bungoma. Mukhisa akafariki, yeye akaja hapa Kitale na cherehani yake. Lugha ya kwao na Kibukusu cha huku ni kama dada wawili, hata sokoni humjui. Mimi najua kwa sababu aliniambia mwenyewe siku ile alipokuja kutafuta nyumba.

Nimerudi nikamkuta anamwosha mama. Tangu mama apooze upande mmoja, ni Nambozo tu anayeweza kumgeuza bila kumuumiza. Hajawahi kuniomba kitu. Nilichukua bakuli la uji nimlishe mama. Mama akafunga mdomo. Akanyoosha ule mkono wake mzima kwa Nambozo, akasema na midomo yake iliyopinda, "Mpe mtoto wangu anilishe."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Bakuli mkononi.

Habari ya mkutano sijamwambia Nambozo. Kesho.

Jumanne, 9 Septemba

Sikumwambia. Nimeenda kwa naibu peke yangu.

Nilijidanganya njiani kwamba naenda kuuliza tu. Nimeketi, nikajikuta nataja jina, nyumba, anatoka wapi. Naibu akauliza kama karatasi zake ziko sawa. Ningesema, ngoja nikamuulize. Ningesema, nitakuja naye kesho. Nilisema, "Hiyo mimi sijui. Mimi nimefanya yangu."

Akasema asante, mama, umesaidia. Nikatoka na mkoba kwapani, shingo juu, kama mtu ametoka kupokea sakramenti.

Jioni Nambozo ameniletea sketi aliyonipunguzia kiuno. "Mama Thuo, siku hizi unakonda. Unakula kweli?"

Nikasema ni mawazo tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamemchukua.

Polisi wawili, mmoja mwanamke. Hawakufanya fujo. Wameuliza kibali chake cha kukaa, akakitoa mara moja. Kiliisha Mei. Yule mwanamke akamwambia atafuatana nao kituoni mambo yake yaangaliwe, na asishangae akirudishwa mpaka. Nambozo akaomba anawe mikono kwanza — ilikuwa na sabuni ya mama.

Pale mlangoni aliniambia, "Dawa yake iko juu ya kabati. Umgeuze kwanza, ndio umpe."

Hilo tu. Hakuulizia cherehani, hakuulizia nguo za watu. Halafu akageuka, akamtazama Hiram.

Hiram ni fundi wa baiskeli, anapanga nyumba inayofuatana na ya Nambozo. Mtu wa maneno machache. Mwezi jana waligombania kamba ya nguo, na Hiram akamwambia mbele ya watu wote, "Si urudi kwenu ukaanike huko." Ni hasira ya siku moja. Sasa kila mtu ameikumbuka. Jepkorir wa nyumba ya tatu akasema kwa sauti, wote tusikie, "Bana, kuna watu wana roho mbaya."

Hiram aliniangalia. Hakumwangalia Jepkorir — mimi. Kisha akaingia kwake akafunga.

Nikaenda kuitafuta dawa juu ya kabati.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama hajala. Anauliza Nambozo yuko wapi. Nimemwambia ameenda Bungoma kumwona shemeji yake.

"Bila kuniaga?"

Ati ilikuwa haraka, mama. Nikajaribu kumgeuza. Akalia. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, sijui niweke mkono wapi. Nimempa dawa akiwa amelala vibaya, nusu imemwagika shingoni.

Mchana nimeenda kituoni. Wameniruhusu kumwona. Alikuwa ameketi kwenye benchi, nguo ile ile ya jana. Aliniambia cheti chake cha ndoa kiko Mabanga, kwa Sellah, dada ya marehemu. Kikiletwa, na mwenye nyumba akija kusema anamjua, anaweza kupewa nafasi ya kutengeneza kibali kabla hajarudishwa. "Mama Thuo, sina mwingine wa kutuma. Nakusumbua."

Akanishika mikono. Akasema ni baridi sana. Akaanza kuisugua ndani ya yake.

Nitaenda kesho. Jepkorir atakaa na mama.

Jumamosi, 13 Septemba

Bungoma na kurudi. Nimechoka, lakini wacha niandike kama ilivyokuwa.

Sellah nilimkuta nje anapepeta maharagwe. Mwanamke mkubwa, mcheshi, anayechanganya r na l. Hakuniuliza shida kabla sijanywa chai. Nilipomweleza aliacha ungo.

"Nani alimripoti?"

"Watu wa ploti," nikasema.

Watu. Nilisema watu.

Akaingia ndani, nikasikia anafungua sanduku. Akatoka na cheti kimefungwa kwa kitambaa. Akaketi nacho mapajani. "Lakini hiyo kibali, si tulikuwa tuende naye mwezi wa tano? Tulikuwa tumepatana. Nirimngoja kwa barabara mpaka jua likageuka. Ndio akanipigia simu, ati mama ya randirodi ameanguka, amepooza, na randirodi analia hapa amenishika nguo, siwezi kumwacha." Akaniangalia. "Huyo randirodi si ni wewe?"

Nikasema ndiye mimi, mwenye nyumba.

Niliikumbuka ile siku. Kweli nilimshika nguo. Nilimwambia usiniache na huyu mama, hiyo safari yako itangoja, nitakupeleka mimi mwenyewe. Sikuuliza ilikuwa safari ya nini. Mama alipotulia sikuuliza tena.

Nilingoja Sellah anitukane. Ningepumua. Badala yake akanifungia mayai kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani. "Pore kwa kusumbuka, dada. Wenye nyumba wengine wangemwacha huko. Mungu akuweke."

Mayai mengine yamevunjika njiani. Niliyashika vibaya.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Nimeogopa watu watanipa pole.

Mama ameuliza tena, nikashindwa kudanganya. Nimemwambia Nambozo amechukuliwa na polisi, kibali kiliisha, lakini karatasi nimeleta na kesho kutwa naenda kumtetea.

Alinitazama. Kisha, "Nani alimtaja?"

"Sijui, mama."

Akaanza kuongea, kwa Gikuyu, pole pole, akipumzika katikati ya maneno. Akaniuliza kama nakumbuka tulipolala kwenye uwanja wa maonyesho, mwaka ule wa fujo baada ya kura. Nakumbuka. Thuo wangu alikuwa wa kunyonya. Akasema, wale waliokuja kuchoma hawakuwa watu wa huku. Hawakuwajua watu wa huku. Walipita nyumba hii, wakaruka ile, wakaja moja kwa moja kwetu. Kuna mtu aliyewaambia, pale wanakaa watu wa kutoka nje.

"Baba yako alikufa akiuliza ni nani," mama akasema. "Mimi sikutaka kujua. Ningemjua, ningekuwa namsalimia namna gani?"

Halafu akafumba macho. Nilifikiri amelala. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya wangu na haukuwa umelala.

Wacha niiandike hapa, kwa sababu hakuna mahali pengine. Si hofu ya naibu iliyonipeleka. Hofu ilikuwapo, lakini ndogo. Ni ule uji. Ni mama kumwita "mtoto wangu", mbele yangu. Nilitaka Nambozo ajue yeye ni mpangaji. Nilitaka mtu mkubwa wa serikali amwambie, nisiwe mimi.

Basi. Wamemwambia.

Jumanne, 16 Septemba

Ametoka. Afisa aliangalia cheti, akauliza maswali mengi, akanigeukia mimi.

"Huyu mama unamjua?"

"Namjua."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri kuliko mimi."

Akacheka. Alifikiri ni heshima ya kinamama. Amempa barua na muda wa kwenda kutengeneza kibali, na mimi nimeweka sahihi kwamba anakaa kwangu.

Tulirudi kwa miguu, Nambozo alitaka hewa. Tukapita soko. Kisha akasema kule ndani waliongea mbele yake kwamba kuna mtu alikuja kumtaja. Hawakusema nani.

"Lakini mimi namjua," akasema.

Nikauliza, "Nani?"

"Si Hiram. Nani mwingine? Aliniambia nirudi kwetu, akahakikisha."

Hapo ndipo. Barabara ilikuwa tupu, tuko sisi wawili. Ningesema pale pale. Nikasema, "Tuachane na hayo, Nambozo. Umerudi."

Akanishukuru. Akalia kidogo, akanishukuru tena.

Mama alipomwona alicheka kwa sauti. Sijamsikia akicheka hivyo tangu augue. Alikula bakuli lote. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikiliza kijiko.

Alhamisi, 18 Septemba

Ploti imemtenga Hiram. Hakuna aliyeita mkutano, imetokea tu. Akija mferejini, wanawake wanachukua ndoo zao na kuondoka. Salamu yake haijibiwi. Leo asubuhi mtu amemwaga maji machafu mlangoni pake. Alitoka, akayaona, akachukua ufagio akafagia. Hakuuliza.

Jioni amekuja kwangu. Amesimama nje, kofia mkononi. Anahama Jumamosi. Amepata chumba upande wa Kiminini.

Nikamwambia haina haja, mambo yatapoa.

"Hayapoi, Mama Thuo." Akaangalia chini. "Mimi nilikuona. Jumanne ile. Nilikuwa natengeneza baiskeli ya karani, pale nje kwa naibu. Mlango haukuwa umefungwa."

Nilishika fremu ya mlango.

"Na hukusema?"

"Niseme kwa nani? Yale maneno ya kamba niliyasema mimi, kila mtu alisikia. Nani angeniamini?" Akageuza kofia mikononi. "Halafu nikafikiria Cucu. Nambozo akijua ni wewe, atahama. Cucu atabaki na nani?"

Nilitaka kumwambia kitu. Asante? Pole? Yote mawili ni matusi.

"Sikukuja kukutisha," akasema. "Nimekuja kusema nahama. Basi."

Akavaa kofia, akaenda. Mtu huyu amekaa kwangu miaka, sijawahi kujua kwamba anamwita mama yangu Cucu, kama mjukuu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimejaribu mara mbili leo. Mara ya kwanza Jepkorir alikuwapo. Mara ya pili Nambozo alikuwa peke yake, anashona, na nikasimama mlangoni mpaka akainua kichwa. "Mama Thuo, unataka kitu?" Nikasema nataka uzi mweusi.

Ninao uzi mweusi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mkokoteni uko nje. Hiram anapakia mwenyewe, hakuna anayemsaidia. Kitanda, jiko, magurudumu ya baiskeli yamefungwa pamoja kwa mpira. Wengine wametoka na viti kuketi juani, ati wanapumzika. Wanatazama.

Niliamka nikijua nitasema leo. Nimepika chai. Nimefagia mahali palipofagiwa. Sasa naandika kando ya kitanda cha mama, mkono wake mzima juu ya kitabu, na najua kuandika huku ni kujificha.

Nambozo yuko hapa chumbani, anampaka mama mafuta. Anamsimulia juu ya mteja aliyeleta kitambaa cha pazia ashonewe gauni. Mama anacheka kwa upande mmoja wa uso.

Mtu amebisha. Ni Hiram, ameleta ufunguo.

Nimesema wacha nifungue mimi. Nambozo amesimama haraka. "Kaa, umechoka. Huyu mtu namfungulia mimi. Nataka aniangalie usoni kabla hajaenda."

Mama ameacha kucheka. Ananitazama. Nafikiri amejua tangu Jumapili.

Mlango umefunguliwa. Nasikia Nambozo anamwambia auweke ufunguo hapo chini, aende. Nasikia Hiram anasema hapana, huu ni wa mwenye nyumba, atampa mwenyewe mkononi.

"Mama Thuo," Nambozo anaita. "Anakutaka wewe."

Mama ameondoa mkono wake juu ya kitabu hiki. Ananiita kwa jina langu, "Gladwell. Enda."