Paka, Kunguru na Sentensi Niliyoiruka

Jumapili, baada ya Alasiri. Joto la kugandisha shati mgongoni. Mawingu yalikuja asubuhi, yakautazama Mji wa Kale, yakaona hakuna yanachodai huku, yakaenda zake upande wa bara.

Nimevaa hedifoni na hakuna kinachopigwa. Sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo.

Wanaoisoma blogu hii, na karibu wote nawajua kwa majina, wananijua kwa mambo mawili. Nautetea muziki wa hevi metali mbele ya watu ambao hawajaniuliza. Halafu nawasema vibaya wachapishaji wa gemu. Yote mawili nayafanya kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuoga na kuvaa kanzu nyeupe. Leo nataka kuandika juu ya doa.

Nianze na metali, maana ndiyo iliyoniponza.

Hakuna aliyenifundisha. Nilipoanza ukarani Shimanzi, kwenye maghala ya bandari, palikuwa na boksi la CD ghalani ambalo baharia fulani aliliacha, na hakuna aliyekuja kulidai. Msimamizi akasema lichukuliwe au litupwe. Nililichukua nikidhani ni mahubiri, kwa jinsi picha zake zilivyojaa moto na mafuvu. Nikafika nyumbani, nikasikiliza, nikakuta kweli ni mahubiri, ila mhubiri amekasirika.

Maoni yangu hayajabadilika tangu siku hiyo. Watu husema ni kelele. Kelele haina hesabu, na huku mpiga ngoma anahesabu kwa mikono na miguu yote miwili bila kukosea. Aliyelelewa na taarabu asingeshangaa: utangulizi mrefu, ala zinazoachiwa nafasi zilie zenyewe, na mwimbaji mwenye jambo rohoni asiyemtaja aliyemtenda. Tofauti ni kwamba mwimbaji wa taarabu hujipamba kwanza. Shangazi yangu Maryam, anayekaa ghorofa ya chini, aliusikia muziki huu mara moja tu, siku waya wa hedifoni ulipochomoka. Alipaza sauti kutoka ngazini: "Huyo ana nini? Hana jamaa wa kumpeleka hospitali?" Nikamwambia yuwaimba, Shangazi. "Basi mpe maji," akasema, akarudi jikoni.

Na wachapishaji wa gemu. Haya nimeyaandika mpaka kidole kimeota sugu. Siku hizi wanakupakulia wali kabla haujaiva. Unalipa, unatafuna mchele, unaambiwa utamalizikia kuiva tumboni, kipande kinachokosekana kitatumwa kwa mtandao mwezi ujao. Kisha sehemu waliyoikata makusudi wanakuuzia kando, wakiiita zawadi kwa wapenzi. Siku wakichoka wanazima mitambo yao, na gemu uliyoinunua inabaki picha. Ni sawa na seremala kuja kwako baada ya miaka mitatu kung'oa mlango wake. Mwaka jana niliandika hapa hapa, na najinukuu kwa aibu: mchapishaji ni mtu anayekuficha kifungu kimoja ili uvipende vilivyobaki.

Kumbe nilikuwa najiandika mwenyewe.

Nina rafiki, Mahfudh, tangu tulipokuwa chuoni tukijifunza Kurani juu ya mkeka mmoja. Ni fundi wa simu hapa mtaani. Mchana anabadilisha vioo vya watu, na kwa muda uliobaki, miaka mitatu sasa, ametengeneza gemu peke yake. Wewe mchezaji ni paka. Una ufunguo mdomoni, unaruka mapaa ya Mji wa Kale, na kunguru wanakufukuza. Anayewajua kunguru wa Mombasa hatauliza kwa nini ndio maadui. Kila roshani ameichora kwa mkono, kila kanga iliyoanikwa ina rangi yake. Ukimwacha paka asimame bila kazi, anajilamba, kisha anakutazama kwa dharau. Nimecheza gemu za makampuni yenye majumba ya vioo. Hakuna iliyowahi kunidharau vizuri namna hiyo.

Muziki wake ni wangu.

Aliniomba "kitu kidogo cha kupita nyuma." Nilimpa vipande kumi na kimoja vya gitaa, nilivyorekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya kanzu za Idi, ili Shangazi asije na maji. Mahfudh alivisikiliza vyote. Mwisho akauliza, "Yakhe, paka huyu yuwaenda vitani?" Nikamwambia ndiyo. Akavitia. Ndivyo alivyo, ukimpa kitu kwa mikono miwili hajui namna ya kukirudisha.

Kabla ya Ramadhani alipata barua pepe kutoka kwa mchapishaji wa nje. Wameiona gemu, wanaitaka, na mkataba huu hapa. Aliuchapisha akaja nao barazani kwangu, kwa sababu kutwa nasoma karatasi za meli. "Kizungu cha mkataba ni kizungu cha bandari," alisema. Si kweli, lakini sikukanusha. Mtu akikuvika kilemba huangalii kama ni saizi yako.

Na alikuja ameshaswali istikhara. Kwa asiyeijua: ni rakaa mbili, kisha unamwomba Mungu akuchagulie lenye heri, unangoja uone moyo utaegemea wapi. Mahfudh alikuwa amengoja siku tatu na moyo haukuegemea popote. "Nikajiambia," alisema, "nitakwenda kwa mtu ninayemwamini, na atakalolisema ndilo jibu langu."

Hii ni tabia yetu. Tunaomba mbinguni, halafu tunatega sikio barazani. Na wala si vibaya. Chuoni tulifundishwa kwamba anayetakwa shauri amekabidhiwa amana. Tulifundishwa siku moja, mkeka mmoja, mimi na yeye.

Basi nikasoma, nikimfasiria ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wa nne, wamempenda paka. Wameyapenda mapaa. Wamewapenda mpaka kunguru. Kisha sentensi moja: muziki wote utaondolewa na kuwekwa mwingine unaolingana na mchezo.

Niliiruka.

Sikusita hata kidogo. Jicho lilivuka kama mguu unavyovuka dimbwi uchochoroni, na sauti ikaendelea na mstari wa chini. Simu yake ingeweza kumfasiria mkataba mzima, lakini nani atatoa simu mbele ya rafiki yake? Huo ungekuwa utovu wa adabu.

Halafu nikapata bahati, kama ni bahati. Palikuwa na kifungu kibaya kweli: wakichapisha hii, na gemu yake ya pili itakuwa yao. Nilikiinua kifungu hicho juu, kama mtu aliyeshika nyoka kwa fimbo, ili asitazame mkono wangu mwingine. Nikamwambia watakunyonya. Nikamwambia wote baba yao mmoja. Maneno yalikuja yenyewe, yote nilikuwa nimeshayaandika humu. Sikumwambia kwamba kifungu kama hicho huweza kujadiliwa, jambo ambalo karani wa Shimanzi analijua kuliko jina lake.

Mahfudh akakunja karatasi. "Basi Mungu amejibu," akasema, akamwita muuza kahawa, akaniagizia kikombe.

Nikakinywa.

Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeiulizia gemu. Mahfudh ameanza kuzungumza habari za binamu yake aliye Ughaibuni na kazi za ghala huko. Nilipopita kwao mwezi uliopita niliikuta kompyuta imefunikwa kitambaa, kama kizimba cha kasuku anayetakiwa anyamaze. Nikapiga hesabu ya haraka moyoni na kuiacha katikati.

Ijumaa, baada ya swala, tulikuwa barazani, watu kama saba. Mahfudh akanishika bega. "Huyu," akawaambia, "ndiye aliyenitoa mdomoni mwa papa." Wakasema mashallah. Kinyozi wetu, ambaye hajawahi kunipa neno jema hata baada ya kumlipa, akasema, "Kumbe karani ana faida!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilicheka vizuri sana. Ukicheza gemu kwa miaka unajua kubonyeza kitufe kwa wakati wake.

Jana asubuhi akaniletea ujumbe. Mchapishaji ameandika tena, anataka jibu la mwisho kufikia kesho Jumatatu. Mahfudh hakuufungua hata mkataba mpya. Alinisukumia tu, na maneno haya: "Nijibie kwa adabu kwamba hapana. Wewe ndiwe istikhara yangu."

Niliufungua kazini. Nje winchi ilikuwa inashusha makontena, chuma juu ya chuma, muziki ambao siku nyingine nausikiliza kwa tabasamu. Kile kifungu kibaya wamekifuta. Gemu ya pili ni yake, na ya tatu. Ile ya muziki haikuguswa, iko pale pale ukurasa wa nne. Kati ya Mahfudh na kazi yake ya miaka mitatu ilibaki sentensi moja tu, na sentensi hiyo ni mimi.

Hata hivyo niliiandika ile barua ya kukataa. Naungama na hili. Mistari mitatu, adabu tele. Nikaisoma mara mbili, nikashangaa jinsi mtu mbaya anavyoweza kuwa na Kiingereza kizuri.

Sikuituma.

Leo asubuhi nimekwenda kwao na mkataba mkononi, nimeupigia mstari mwekundu ukurasa wa nne. Alikuwa amekaa dakani mlangoni, anafungua simu ya mtu. Mamake, Bi Zuhura, alikuwa jikoni, anasikika akikaanga mahamri. Nikamwambia Mahfudh, ule mkataba wa kwanza niliusoma wote isipokuwa sentensi moja, na sentensi yenyewe ni hii. Akaiweka chini bisibisi. Akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kwa ajili ya gitaa?"

"Kwa ajili ya gitaa."

Akakiondoa kidole kwenye karatasi. "Mbona hukunambia? N'galiwaambia wauache."

Nilikuwa nimejitayarishia matusi. Hili sikujitayarishia. Haikunipitia akilini hata mara moja, barazani wala kazini wala kitandani, kwamba angenipigania. Nilikuwa na shughuli nyingi za kujipigania mwenyewe.

Aliinuka akaingia chumbani. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikasimama, kwa sababu hakusema kaa. Akaondoa kitambaa, akawasha kompyuta, akaingia penye sauti na kuuzima muziki. Kisha akacheza. Nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia: nyayo za paka juu ya bati, na mbawa zikikaribia kutoka nyuma, na pale katikati ya kuruka, kimya. Kimya chenyewe kilinitia hofu kuliko vipande vyangu kumi na kimoja vikichanganywa. Paka alipotua paa la mwisho, Mahfudh akaviacha vitufe.

"Waonaje?" akauliza bila kugeuka. Nadhani ni mazoea tu, miaka mingi ya kuniuliza.

"Ni bora hivi," nikasema.

Nimewahi kuhukumu gemu nyingi, na kila mara nilijisikia mrefu zaidi baada ya kuhukumu. Hii ndiyo hukumu yangu ya kwanza iliyonipunguza kimo.

"Istikhara nitaswali upya," akasema. "Na safari hii siji barazani."

"Na barua?"

"Nitaiandika mwenyewe. Kizungu changu kibovu, lakini hakiruki."

Bi Zuhura akaita kutoka jikoni, "Mahfudh, ni nani huyo? Mkaribishe mgeni, mahamri yako tayari!"

"Yuwaondoka, mama."

Katika mtaa huu hata anayekuja kukukatia umeme huambiwa karibu. Nimekaa miaka thelathini na minne Mji wa Kale na leo ndiyo mara ya kwanza kutoka nyumba ya watu na harufu ya mahamri mgongoni. Nilistahili adhabu zaidi ya hiyo. Angenitukana ningepumua, ila mamake alikuwa ndani, na Mahfudh ni mtoto aliyelelewa.

Nimekuwa nikiwaita wachapishaji majina mabaya kwa kuuza kitu nusu na kukificha kipande. Mimi nilimpa rafiki yangu shauri nusu, nikalichukulia malipo ya kahawa, na nikaacha Mungu ndiye asingiziwe kuwa mwandishi wake.

Bado naamini hevi metali ni muziki wa watu wavumilivu. Bado naamini wachapishaji wengi wana kiu ambayo maji ya kisima hayaikati. Maoni hayakuwa kosa. Kosa ni kwamba niliyaweka mbele ya mlango wa mtu, kisha nikajificha nyuma yake.

Nilidhani nikishayaandika haya hapa nitapata nafuu. Sijapata, na najua sababu. Kuandika hapa ni rahisi, kinyozi hasomi blogu. Nilisifiwa barazani, mbele ya watu saba, na sifa hiyo bado iko kwangu. Kwa hiyo kesho, nikitoka kazini, nitapita pale, nitangoja kinyozi amalize mzaha wake, na nitaisema ile sentensi kwa sauti, pamoja na iliyokuwa juu yake na iliyokuwa chini yake.

Jibu la Mahfudh kwa mchapishaji nalo linatakiwa kesho hiyo hiyo. Sijui ataandika nini, na sijui kama iko siku nitaulizwa tena. Nimejaribu kufikiri afanye lipi lenye heri kwake.

Kwa mara ya kwanza sina maoni.