Nani Kapandisha Kioo cha Bafuni?

Mwanangu,

Maharage yapo jikoni, yapashe tu. Gesi uifunge mpaka mwisho, si kama jana.

Najua leo unakwenda kuomba mahakama iiondoe ile amri inayomkataza mumeo kukanyaga hapa. Jana ulinishika mikono ukaniapia kwamba hujamtia machoni tangu itolewe, mnaongea kwenye simu tu, na kwamba amebadilika. Nami nikakuamini, mjinga mimi.

Asubuhi hii nimeingia bafuni kufunga kitambaa, nikaona paji la uso peke yake. Kioo kimehamishiwa msumari wa juu! Humu tunaishi wawili, sote wafupi, hata balbu tunabadilisha kwa kupanda stuli. Basi nani ananyolea ndevu humu nikiwa zamu, nafua mashuka ya hospitali?

~~Usiende.~~ Nenda, wewe ni mtu mzima. Ila hakimu akikuuliza kama mumeo ameitii amri, ujue nimekaa nyuma yako. Ukisema kweli, nitanyamaza. Ukidanganya, nitasimama.

Kioo nimekirudisha chini. Kabla hujatoka jitazame vizuri, hapo juu ya jicho uliposhonwa nyuzi.

Mama