Mafuta ya Nazi, Ukurasa wa Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Novemba

Rafu ya sayansi imekamilika. Nimegandisha migongo minne ya vitabu iliyobanduka, gundi imeniganda vidoleni. Kabati la vioo pale mlangoni nimelipanga upya: bahari. Ramani ya Mnazi Bay, makombe matatu, vitabu tisa. Wanafunzi wanapita bila kutazama. Wana haraka ya kuwahi soketi za kuchajia simu.

Jumamosi ya tarehe 16 ndiyo siku yetu ya kusoma kwa sauti. Bi Somoe atasoma mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ana miaka sitini na moja, anabangua korosho kwa mikono, na mwaka jana alikuwa hajui kuandika jina lake. Ukurasa amechagua mwenyewe: wa pweza. Watakuwepo wenzake tisa kutoka Rahaleo, wabanguaji kama yeye, hao hao wanaokuja naye kusoma hapa maktaba ya chuo kila Jumamosi tangu Machi. 

Jumatano, 6 Novemba

Dokta Kisanga kaniita ofisini. Ndiye mkuu wa maktaba, mtu wa kuongea taratibu hata anapokutukana. Mezani vitabu ishirini na vitatu. Vyote vina madoa ya mafuta. Karatasi zimelowa hadi unaona maandishi ya upande wa pili.

"Tekla, hawa wabanguaji wako wanatumalizia vitabu."

Wako. Utadhani ni kuku wangu wameingia shambani kwake.

Nimekasirika. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba madoa yapo kweli. Kitabu cha pweza kina alama ya dole gumba zima, ukurasa wa thelathini na moja.

Alhamisi, 7 Novemba

Baada ya kazi nimekwenda Rahaleo. Nimemkuta Bi Somoe uani, majivu mikononi, rundo la korosho mbele yake. Nikamuuliza bila kuzunguka. Hakukasirika. Alinionyesha mikono. Utomvu wa maganda umeibabua, ngozi nyeusi, imepasuka pasuka. Kila Jumamosi kabla ya kuja anaisugua kwa ndimu na sabuni, kisha anaipaka mafuta ya nazi mpaka viwikoni. Wote kumi hufanya hivyo.

"Si wewe ulisema tuje na mikono safi? Nkono umepauka, huo nao nsafi, mwanangu? Mbele za watu?"

Ni kweli nilisema. Machi, siku ya kwanza, nilisimama mbele yao nikatangaza: mikono safi, tafadhali. Na mimi nimelelewa Masasi. Mama alikuwa haniruhusu kuvuka kizingiti kwenda kanisani kabla hajanipaka mafuta miguu yote miwili. Nilipaswa kujua. Wamevivalia vitabu kama watu wanavyovalia harusi, na mimi sikuona.

Mpumbavu ni mimi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemweleza Dokta yote. Nikapendekeza sabuni na taulo mlangoni, yaishe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachapa tangazo: kuanzia kesho hakuna ruhusa ya kuingia ndani ya maktaba bila kitambulisho cha chuo. Akaligonga muhuri mbele yangu, muhuri ule mkubwa wa vyeti.

Jumamosi, 9 Novemba

Walifika saa nne, kumi wote, mikono inang'aa. Mzee Chitanda, mlinzi wetu, aliwasomea tangazo akiangalia chini. Hawakubisha. Walimshukuru. Hilo la kushukuru ndilo lililoniuma. Wangetukana ningepumua.

Bi Somoe aliniuliza kama tarehe 16 bado ipo. Nikasema ipo. Sijui nilikuwa naongea kwa mamlaka ya nani.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimevikagua vitabu vyote, kimoja kimoja. Sita si vyao. Takwimu, sheria, vyote vya Kiingereza, wanawake wangu hawajawahi hata kuvigusa. Nikavinusa. Chipsi. Kimoja kina kipande cha yai katikati ya sura ya tatu.

Kumi na saba ni vyetu. Nakubali.

Nimetoa bahari yote kabatini. Nimeweka vile kumi na saba rafu za juu, vimefunguliwa pale pale penye doa, kila kimoja na kadi yake: jina la msomaji na ukurasa. Niliwaomba ruhusa ya majina jana, nyumba kwa nyumba, na kila mmoja alitaka jina lake la pili liwepo pia. "Bi Somoe Hamisi, ukurasa wa 31, ameurudia mara nne." Rafu ya chini kabisa nimeweka vile sita. Kadi moja tu: "Chipsi mayai. Wasomaji hawajulikani."

Nimefunga. Ufunguo uko kwangu.

Jumanne, 12 Novemba

Wanafunzi wamejaa mbele ya kabati. Haijawahi kutokea tangu nianze kazi hapa. Wanacheka wakifika rafu ya chini, kisha wananyamaza wakisoma ya juu. Binti mmoja kapiga picha kadi zote.

Dokta kashuka. Toa. Nikasema maonyesho ni kazi yangu, yameandikwa kwenye orodha ya majukumu yangu, na kama anataka niyaondoe aniandikie. Akaniandikia kweli. Barua ya kunitaka nijieleze ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini nisichukuliwe hatua.

Sitoi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimejibu. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu na matusi mawili. Nimeichana. Iliyokwenda ni nusu ukurasa. Kwamba madoa kumi na saba yametokana na maelekezo yangu mabovu, si uchafu wa mtu. Kwamba sabuni ingetosha. Kwamba maonyesho yanabaki.

Nimeambatanisha nakala ya karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya kitabu cha pweza, ile tunayogonga kila kinapoazimwa, hata kwa kusomwa humu humu. Kimekaa rafuni miaka sita. Ilikuwa nyeupe tupu mpaka alipokuja Bi Somoe. Atazame mwenyewe.

Ijumaa, 15 Novemba

Naogopa. Mkataba wangu unaisha Desemba. Nimeshindwa kumaliza chakula.

Bado sitoi.

Jumamosi, 16 Novemba

Aliyeniokoa ni Mzee Chitanda. Amekaa chini ya lile tangazo wiki nzima, keshalijua kwa moyo. Asubuhi kaniita pembeni. "Mwalimu, hapa wameandika ndani ya maktaba. Kibaraza ni ndani?" Kisha akaenda kutoa mabenchi mwenyewe.

Nimeazima kitabu cha pweza kwa kadi yangu. Nimebeba kutoka nyumbani birika, beseni, sabuni ya kipande na mataulo mawili. Walipofika nikawamiminia maji mmoja baada ya mwingine, kama wageni waliokaribishwa chakula. Mafuta yakatoka. Mikono ikabaki ilivyo, mikavu, ina mabaka. Bi Somoe akaificha yake ndani ya kanga.

"Leo unatutoa mbele za watu tumepauka hivi?"

Nikamwonyesha ya kwangu. Nilikuwa nimenawa kwanza, na gundi yangu ya wiki nzima iko pale pale kwenye kucha. Akaitazama vizuri. Akatoa mikono yake.

Wanafunzi walianza kutoka ndani, wawili, kisha kumi, kisha sikuhesabu tena. Dokta alikuwa amesimama dirishani kwake juu. Nilimwona, naye alijua nimemwona.

Bi Somoe alisoma akifuatisha kwa kidole. Alikwama kwenye "mishipa". Mwanafunzi mmoja akafungua mdomo kumsaidia, wale tisa wakamgeukia kwa macho tu, akaufunga. Bi Somoe akaling'ang'ania neno mpaka likatoka. Akaendelea. Akafika mahali pameandikwa pweza ana mioyo mitatu, akasimama.

"Mitatu? Na mimi nnamponda kwenye mwamba tangu nna miaka saba, kule Msimbati."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alirudia ile sentensi kwa sauti ya chini, ya kwake mwenyewe, kisha akasoma mpaka chini kabisa ya ukurasa. Na namba akaisoma. Thelathini na moja.

Nimelia mbele za watu. Sijali.

Jumatatu, 18 Novemba

Hukumu imekuja. Onyo la maandishi kwenye faili langu. Zuio la kuingia ndani linabaki. Kibaraza hakikutajwa. Kwa makusudi au kwa kusahau, siulizi.

Vitabu kumi na saba vifutwe kwenye orodha kwa sababu ya uchakavu. Vile sita vya chipsi vinabaki kwa kuwa vinahitajika darasani. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Halafu nikapanda ngazi. Nikamuuliza Dokta vikishafutwa vinakwenda wapi. Akasema popote, si mali ya maktaba tena. Nikamwomba aandike hivyo.  Nadhani alielewa. Akaandika, akasaini, akanipa karatasi. Bado simpendi, lakini hilo namwandikia hapa.

Jumamosi, 23 Novemba

Malori ya korosho yanaelekea bandarini tangu alfajiri, vumbi mpaka kibarazani. Nimefuta mabenchi mara mbili.

Jana niligonga muhuri vitabu kumi na saba: KIMEONDOLEWA. Kabatini vimebaki vile sita tu na kadi yao. Dokta hajaniambia nivitoe.

Wanawake kumi, kila mmoja kachukua chake. Saba vilivyobaki viko kwenye boksi chini ya meza ya Mzee Chitanda, kwa yeyote anayepita. Mwenyewe ameshaanza kimoja, cha ufugaji wa nyuki.

Bi Somoe kachukua cha pweza. Aliomba kalamu. Akaandika jina lake chini ya muhuri, yote mawili, polepole, ulimi nje kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, nasubiri. Akaniuliza kama hiki nacho ni lazima anawe ndipo akiguse.

Nikamwambia ni chako, bibi.

Akafungua pindo la kanga, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi. Akapaka mikono bila haraka, mpaka viwikoni. Kisha akatafuta ukurasa wake.