Treni ya Mokua Mbele ya Baba

Millicent, uko? Usicheke. Nimejificha jikoni kwa kakangu Mokua. Aibu ni yake, lakini hata mimi inanichoma.

Unajua vile ametengeneza vitreni vya mikebe tangu tukiwa wadogo, na baba humwambia hiyo ni michezo ya watoto. Leo mzee amekubali kutoka Manga aje aone. Mara ya kwanza! Mokua hata hakulala.

Sasa reli yake inazunguka nyumba yote, mpaka chumba cha kulala.

Chumba cha kulala, Millicent! Na umekaa na sisi Wakisii, unajua mzee hawezi hata kuchungulia chumba cha mwanawe, sembuse kuona nguo za bibi yake.

Mokua akabonyeza swichi. Treni ikaingia chumbani ikipiga honi. Baba anatabasamu, nakuambia anatabasamu! Ikatoka inaburuta kitu chekundu. Petikoti ya Sharon, bibi ya Mokua, imeanguka kutoka kwa kamba ya nguo ya humo chumbani. Ikaja polepole, ikasimama kwa viatu vya baba.

Kwa viatu vyake!

Sharon alitorokea mlango wa nyuma. Baba akafunika uso na kofia, akaenda bila kugusa chai. Mokua bado amepiga magoti pale, anasema tu, “Si ningeangalia ile kamba.”

Mama amenipigia sasa hivi, mzee amefika nyumbani. Baba amesema hatakanyaga tena nyumba hii.

Lakini amesema Jumapili Mokua akienda Manga, abebe ile treni aiendeshe huko.

Nimemwambia. Ndipo amelia.