Simu Inayosalimiwa Kwanza

Jumatatu, 3 Juni 2013
Umeme umerudi. Joto la Lodwar halina adabu. Nimerekodi maswali mengine ya mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Sauti ni yangu, hakuna nyingine humu ndani. Programu ninayoitengeneza inauliza, mtu anaijibu simu, dakika moja, inakata. Kazini leo nimesalimiwa na mlinzi tu. "Ejok." Nikajibu ejok. Basi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetoka Kakuma na rekodi za Nyandeng kwenye memori kadi. Ndiye pekee anayeijaribu programu yangu. Anauza chai kwenye kambi ya wakimbizi, anaimba kwaya. Mtihani wake ni mwisho wa mwezi. Akifaulu, anakwenda chuo ng'ambo. Akianguka, ni chai tena.

Jumapili, 9 Juni
Balaa! Hajibu maswali. Simu ikimwuliza kuhusu mji aliozaliwa, yeye anaanza: umeamkaje, kaka? Joto la huko? Mama yako Kisii amepona mguu? Umekula? Swali jingine, salamu upya. Dakika inakwisha na Bor, alikozaliwa, haijatajwa. Nimecheka mpaka machozi. Huo mguu wa mama nilimgusia mara moja tu.

Kisha nikarudia ile ya kama nimekula. Nilikuwa sijala.

Jumamosi, 15 Juni
Nimemwambia aache salamu. Kakasirika. "Sauti ni yako, kaka. Nikujibu tu kama niko kwa polisi? Kwetu hiyo ni dharau." Nikamwambia msahihishaji hana haja na mguu wa mama yangu. Akageukia birika lake. Halafu akasema sawa.

Najichukia. Lakini ningefanyaje?

Jumapili, 23 Juni
Rekodi mpya. Safi kabisa. Swali, jibu. Bor, mto, ng'ombe wa baba yake, vita, yote ndani ya dakika. Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi, jamani. Ila nimesikiliza zote, mpaka ya mwisho, nikingoja. Hakuna.

Nimewaza kumwambia arudishe salamu, mbili tatu tu, za mazoezi. Ubinafsi mtupu. Sitamwambia.

Jumatano, 17 Julai
Amefaulu! Ujumbe wake: asante kaka, Mungu akubariki, safari ni Agosti. Nimepiga vigelegele peke yangu, mwanamume mzima. Nikatafuta wa kumwambia. Nikamwambia mlinzi. Akasema vizuri, akauliza Nyandeng ni nani.

Jumapili, 18 Agosti
Ameshaondoka. Sikwenda kumuaga. Nilimwambia nina kazi nyingi ofisini. Uongo. Sikutaka kuliona begi lake.

Simu imejaa, nikakaa kufuta rekodi. Majibu yote mazuri nimeyafuta. Nimebakiza moja, ile mbaya kuliko zote, ambayo hakuna jibu ndani yake hata kidogo. Nimeifungua.

Umekula, kaka?

Bado, nimesema. Nikaenda kuwasha jiko.